Mwalimu, Mwanangu Achezee Wapi?

Barua nyingi mlizonitumia safari hii zinauliza jambo moja: watoto wenye usonji (autism, yaani ubongo uliokua kwa namna yake tofauti) na wenzao, watachezaje pamoja? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu naamini mama aliyeiandika anawaandikia wengi.

*Hujambo Mwalimu. Mwanangu ana miaka 7, na tangu akiwa na miaka 4 daktari alituambia ana usonji. Tunaishi kwenye ploti hapa Lanet, Nakuru, nyumba 12, na watoto ni wengi. Wakicheza mpira, yeye huuchukua na kukimbia nao mpaka getini. Wakicheza kati, husimama hapo katikati mpira ukimgonga asijue kuna mchezo. Sasa wakimwona tu anatoka wanasema, "Anakuja kutuharibia," na mama mmoja huwaita wanawe ndani. Kanisani mwalimu wa watoto aliniambia nimlete akipata nafuu, kana kwamba ana malaria. Siku hizi namfungulia katuni na kufunga mlango. Niendelee kumfungia, au nimsukume nje mpaka wamzoee?*
Mama, Lanet

Dadangu, usimfungie na usimsukume. Nimefundisha watoto wenye mahitaji maalum hapa Kisumu kwa miaka 26, na kosa nililolirudia zaidi nikiwa mwalimu mchanga ni hilo la kusukuma. Tulikuwa tukisimama duara, tunashikana mikono, tunaimba, nami namvuta mtoto mwenye usonji aingie kwenye duara, nimshike mkono kwa nguvu asitoroke. Nikijiambia kwamba huko ndiko kumjumuisha. Mmoja aliniuma kwenye kiganja na kovu lipo hadi leo. Hakuwa mkorofi. Alikuwa ameshaniambia kwa kila njia aliyokuwa nayo kwamba zile kelele na vile vidole vinamuumiza, mimi ndiye sikusikia. Nikimkumbuka bado naumia.

Mtoto anaweza kuwa katikati ya wenzake 20 na asiwe anacheza na hata mmoja. Anachohitaji ni kazi ndani ya mchezo, kazi ya kweli, ambayo asipokuwepo mchezo unapungukiwa. Ili uijue kazi hiyo, kaa umtazame akiwa peke yake. Anapanga nini? Anazungusha nini? Neno gani analirudiarudia?

Kila Jumamosi tunakuwa na watoto kama 15 chini ya mwembe hapa Nyalenda, na wanne kati yao wana usonji. Mmoja, mvulana wa miaka 8, alikuwa akikaa pembeni na kifuniko cha sufuria, anakizungusha kama pia, kisha anainamisha kichwa mpaka shavu linakaribia kugusa saruji ili akione vizuri kikizunguka. Saa nzima. Wasichana nao, hatua chache kutoka pale, wanaruka kamba na kugombana: umeruka nyingi, ni zamu yangu, hapana bado. Siku moja nikafunga ncha moja ya kamba kwenye mti, ile nyingine nikamwekea yeye mkononi bila kusema neno, tukazungusha pamoja. Akaitazama kamba ikipaa na kushuka, macho yakaifuata. Alizungusha dakika 4, akaiachilia, akarudi kwa kifuniko chake. Nikamwacha. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe hadi pale mtini.

Wiki ya tatu akaanza kuhesabu. Hasemi sana mtoto yule, lakini namba anazipenda, na akifika 20 anasimamisha kamba, hata mrukaji awe hewani. Mwanzoni wasichana walinung'unika. Halafu mmoja akagundua kwamba ugomvi wao umekwisha: kila mtu anaruka 20, kamba inasimama, mwingine anaingia. Wakaifanya sheria. Sasa asipokuja wananiuliza nani atazungusha.

Si kila siku huwa shwari. Mwezi uliopita mtoto mgeni alimnyang'anya kamba akiwa kwenye 15. Akajitupa chini, akawa anajipiga kichwa kwa kiganja na kulia kile kilio ambacho wewe unakijua. Nilikimbia, lakini kabla sijafika, msichana mmoja wa gredi ya nne alikuwa ameshamrudisha nyuma yule mgeni. Akachuchumaa hatua mbili kutoka kwake, hakumgusa, akaanza kuhesabu taratibu: kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Kwenye ishirini mtoto akanyamaza. Akakaa kitako, akapumua, na baada ya muda akanyoosha mkono aombe kamba yake. Sikumfundisha msichana yule kufanya vile. Alikuwa amecheza naye wiki nyingi, basi.

Turudi kwa mwanao. Umeniandikia kwamba akichukua mpira hukimbia nao mpaka getini. Kila mara getini? Basi ana sheria yake tayari, ni wenzake tu hawaijui. Geuza geti liwe sehemu ya mchezo: watoto wapeane zamu kukimbia na mpira, waguse geti, warudi. Mchezo huo anaujua kuliko wote. Au mfanye awe mwenye kufuata mpira ukitoka nje na kuurudisha, kwa sababu hapo atapata kukimbia na mpira mikononi, na wenzake watapata kuendelea. Kama anapenda namba, brikicho ni yake: mtu wa kutafuta afunge macho, mwanao ahesabu kwa sauti. Kati iache kwa sasa. Mpira unatoka pande mbili kwa kasi, huku wenzake wanapiga kelele, na kuna mengi ya kufuata kwa mpigo mmoja.

Usianze na watoto wa nyumba 12. Anza na wawili. Watazame wiki hii, utawaona: kuna mtoto ambaye husimama kumtazama mwanao anapopanga vitu vyake, haondoki. Mara nyingi ni mtoto mtulivu, au dada mkubwa aliyezoea kulea. Zungumza na mama zao kwanza. Waalike mlangoni kwako Jumamosi asubuhi, kuwe na mandazi, mchezo mmoja tu, dakika 15. Maliza kungali na utamu, kabla hajachoka. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea: siku ikienda vizuri wanairefusha mpaka inaharibika, na mtoto anaondoka na kumbukumbu ya kuharibika kwake.

Waambie hao wawili ukweli kwa maneno yao. Mimi husema hivi: "Masikio yake yanasikia kwa nguvu kuliko yako. Ukitaka kumwambia kitu, simama mbele yake, mwite jina, sema maneno machache, halafu hesabu mpaka kumi moyoni umpe nafasi. Asipokutazama, bado anakusikia." Watoto hushika mambo haya upesi kuliko sisi. Wakikuuliza kwa nini anapungapunga mikono, wajibu kwamba akifurahi au akiogopa mwili wake hufanya vile, kama wao wanavyorukaruka. Usimkataze kupunga mbele yao, maana wakikuona unaona haya, nao wataona haya.

Na akicheza kando yao badala ya kucheza nao, usivunjike moyo. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, aliandika jinsi watoto wadogo wanavyoingia katika michezo ya wenzao: kuna kutazama, kuna kucheza ubavuni mwa mwenzako kila mtu na chake, ndipo kuna kushirikiana. Hakuwa akiandika kuhusu usonji, ila mimi nimeuona mpangilio huo chini ya mwembe wetu mara nyingi. Mtoto anayepanga vizibo vyake mita moja kutoka kwa wenzake amekwisha kuingia. Mwache hapo muda autakao.

Yule mama anayewaita wanawe ndani, nina hakika anaogopa kitu. Labda aliona mwanao akilia siku moja na kujitupa, akadhani ni utundu usio na malezi. Mweleze tofauti ya kudeka na kuzidiwa. Mtoto anayedeka hukutupia jicho aone kama unamwona, na akipata anachotaka huacha. Mtoto aliyezidiwa na kelele au mabadiliko hana habari nawe, na hata ukimpa anachokitaka haachi papo hapo. Wa pili hahitaji kukemewa. Anahitaji watu wapungue, sauti zishuke, apate pa kukaa.

Kuhusu kanisa, maneno uliyoambiwa yaliniuma. Usonji hauponi kama homa. Ndivyo ubongo wake ulivyokua, na ndivyo atakavyokuwa akiwa mtu mzima. Lakini usikate mguu. Nenda umwone mwalimu yule siku ya katikati ya wiki, watu wakiwa hawapo, na umpelekee karatasi yenye mambo matatu: anachopenda, kinachomsumbua, na cha kufanya akizidiwa. Omba vitu vidogo. Akae mbali na spika. Aje dakika 20 za mwisho wakati wa kupaka rangi, na yeye ndiye agawe kalamu. Wiki moja kabla, mpeleke aone chumba kikiwa kitupu. Wakikataa hata hayo, tafuta kanisa lingine bila kujilaumu.

*Mwalimu, mimi ni kocha wa watoto chini ya miaka 10 hapa Kakamega. Kuna mvulana tuliyeambiwa ana usonji. Nikipuliza kipenga anaziba masikio na kukimbia. Kwenye foleni ya kupiga mashuti hatulii, anawasukuma. Wazazi wawili wametaka nimwondoe. Nampenda huyu kijana, ana mguu mzuri sana wa kushoto, lakini sijui nifanyeje.*
Kocha, Kakamega

Kocha, asante kwa kuuona ule mguu wa kushoto. Wengi wangeishia kwenye kipenga.

Anza hapo hapo. Kipenga kwake kinaweza kuwa kama msumari sikioni. Kiweke mfukoni wakati wa mazoezi, tumia kitambaa chekundu au inua mkono juu, na wafundishe wote kwamba mkono ukipanda, mpira unasimama. Utashangaa jinsi wale wengine nao watakavyotulia, maana sasa inawabidi wakutazame. Siku ya mechi hutaweza kumnyima refa kipenga chake, kwa hiyo mzoeshe mapema: mtu apulize kwa mbali, upande wa pili wa uwanja, na yeye aambiwe kabla. Vifaa vya kuziba masikio pia vipo, na mtoto anaweza kuvivaa akicheza.

Foleni ndiyo ngumu kwake kuliko mpira wenyewe. Ukimwambia "subiri" unamwambia neno lisilo na mwisho. Asubiri mpaka lini? Panga matairi kuukuu matano kuelekea mahali pa kupigia, kila mtoto asimame ndani ya tairi lake. Wa mbele akipiga, kila mtu anaingia tairi linalofuata. Hapo anaona kwa macho yake kwamba zamu inakuja: tairi tatu, mbili, moja. Au punguza foleni kabisa, makundi ya watatu watatu, mipira ikitosha. Watoto 20 kusimama wakimtazama mmoja akipiga si mazoezi kwa yeyote.

Mazoezi yafuate mpangilio uleule kila siku, na yachore kwenye kipande cha katoni: kukimbia, pasi, mashuti, maji, mechi. Kila jambo likiisha, yeye ndiye alivuke kwa chaki. Siku utakayobadilisha kitu, mwambie kabla hajafika uwanjani. Unapomwelekeza, onyesha kwa mguu wako kuliko kueleza, na usimlazimishe akutazame usoni.

Wale wazazi wawili waite pamoja na mzazi wake, akikubali. Waambie ulichobadilisha. Kusukumwa kwa watoto wao ni jambo la haki kulalamikia na usilipuuze. Lakini kumwondoa si uamuzi wa kupigiwa kura pembeni mwa uwanja. Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu cha 30 kinataja wazi haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki michezo sawa na watoto wengine. Sikuambii uwasomee sheria. Nakuambia ujue umesimama wapi unapozungumza nao.

*Mwalimu, mimi ni nyanya, niko Bungoma. Mjukuu wangu wa miaka 5 haongei, anapungapunga mikono. Desemba wajukuu wote wanakuja nyumbani. Mkaza mwanangu mwingine anaogopa watoto wake wataiga au wataambukizwa. Kuna wanaosema ni laana, wengine wanasema ni ile chanjo ya surua.*
Nyanya, Bungoma

Nyanya, pole na kazi ya kulea, na asante kwa kuuliza badala ya kuamini. Usonji hauambukizi. Si laana, na hakuna alichokosa mama yake. Habari ya chanjo ilitokana na makala ya mwaka 1998 katika jarida la Uingereza, The Lancet. Jarida lenyewe liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Wajukuu wachanjwe wote.

Wakimuiga kupunga mikono siku mbili tatu, waache. Watachoka.

Desemba kwenu kuna mahindi ya kupukuchua, sivyo? Huo ndio mchezo wa kuwakusanya. Mwekee beseni lake pembeni kidogo ya duara, na magunzi machache, asibanwe mabega. Watoto wengi kama yeye hupenda kuingiza mikono kwenye punje na kuzimwaga tena na tena. Mpe kazi ya kumimina punje za wenzake kwenye gunia. Kila anayejaza kikombe amletee yeye. Utaona wanavyomzunguka bila mtu kuwaambia.

Ila mtoto wa miaka 5 asiyeongea asingoje Desemba. Mpeleke akapimwe masikio hospitalini, kisha kwenye kituo cha EARC cha kaunti ndogo yenu. Vituo hivyo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum vilianza mwaka 1984, na walimu wa shule iliyo karibu nawe watakuelekeza.

*Mwalimu, sisi ni kikundi cha vijana wa Kisumu. Tunawapeleka watoto 30 Dunga waone ziwa na kupanda mashua. Wawili wana usonji. Tuwe na tahadhari gani?*
Kiongozi wa vijana, Kisumu

Wapelekeni, tafadhali, na msiwaache nyumbani kwa sababu ya yale nitakayosema.

Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji kama sumaku, na hawaoni hatari yake. Wanaweza kutoweka kimya kimya wakati kila mtu anadhani wako na mwingine. Kwa hiyo kila mmoja wa hao wawili awe na mtu mzima wake, kwa jina, asiyegawa soda wala kupiga picha. Akitaka kwenda msalani, amkabidhi mwenzake kwa maneno, "Sasa yuko kwako," na yule ajibu, "Yuko kwangu." Kazi hiyo asipewe mtoto mwenzake, hata awe mwerevu vipi. Wavae fulana za rangi kali, na namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa kalamu kwenye mkono. Mtoto akikosekana, nendeni majini kwanza. Vyoo, vibanda na barabara vitatafutwa na wengine wakati huohuo, lakini mbio za kwanza ziwe za majini.

Fikeni mapema kabla ya umati na muziki. Wazazi wawaonyeshe picha za mahali hapo siku chache kabla. Harufu ya samaki itakuwa nzito, na chakula cha wote huenda wasikiguse, basi waje na chakula chao na asiwepo wa kuwasihi waonje.

Kuhusu mashua, kila mtoto avae jaketi la kuokolea, hakuna ubishi hapo. Sasa, jaketi hilo linabana kifua, lina kamba na linanuka, na mtoto atakayelivaa kwa mara ya kwanza akiwa ukingoni mwa mashua atalivua au atakataa kupanda. Azimeni mawili wiki moja kabla, wazazi wakae nayo nyumbani, watoto wayavae dakika 5 leo, 10 kesho, wakitazama katuni. Na akifika pale akakataa kupanda, abaki ufukoni na mtu wake, wenzake wakirudi wamkute.